Makucha ya Duke Falcon

Jumatano, 1 Oktoba 1958

Vidole vimechanika tena kwa nyaya za gitaa. Nimevichovya kwenye spiriti ili ngozi ikomae, nikarukaruka chumba kizima kama kuku aliyekanyaga kaa la moto. Lakini nimeipata! Ile sehemu ya katikati, inayopanda halafu inateleza, nimeipiga mara sita mfululizo bila kukosea. Mama akagonga dari kwa mpini wa ufagio. "Alec! Kesho kuna kiwanda!" Kiwanda, kiwanda. Sufu imenijaa puani, nikipiga chafya naweza kufuma soksi.

Ijumaa, 3 Oktoba

Ukungu. Kazi. Ukungu.

Jumapili, 5 Oktoba

Mazoezi kwa kina Wilf, kwenye ghala la makaa chini ya nyumba yao, kama kila Jumapili tangu mwaka juzi.

Wilf Illingworth ndiye aliyetuanzisha, lazima niandike hivyo. Alichukua sanduku la mbao la kusafirishia majani ya chai, akalipindua, akafunga kamba kutoka kwenye sanduku hadi ncha ya fimbo, akavuta, dum! Tukawa na besi. Barry Hainsworth akaiba ubao wa kufulia wa mama yake akawa anaukwaruza kwa vidole. Mimi sikujua hata gitaa linashikwa upande gani. Wilf akanikalisha juu ya makaa, akavishika vidole vyangu kimoja kimoja akaviweka kwenye nyaya. "Hapa. Bonyeza. Ukitaka kulia, lia, lakini usiachie." Nina miaka kumi na saba na hakuna mwalimu mwingine aliyenifundisha kitu kikabaki kichwani.

Sasa mimi nina gitaa la umeme na Barry ana ngoma za kweli. Sanduku halisikiki tena. Wilf anavuta kamba mpaka miwani inapata ukungu, sisi tunaona mdomo tu ukihesabu, moja mbili tatu nne. Barry kaninong'oneza, "Mwangalie, kama mtu anayekamua mbuzi aliyekufa." Nikacheka. Wilf akadhani nimefurahia muziki, naye akacheka.

Mama Illingworth akatushushia mikate iliyopakwa mafuta ya nyama, kama kawaida. Kipande kikubwa ni changu siku zote.

Jumamosi, 18 Oktoba

Siwezi kukaa! Naandika nimesimama!

Tulikuwa tunapiga kwenye dansi la ukumbi wa kanisa. Nyimbo mbili tu, mara naona koti la rangi ya ngamia limesimama mlangoni. Mtu wa London. Bwana Cyril Pennington, anatafuta waimbaji vijana huku kaskazini, anawapa majina mapya na kuwapeleka kwenye majukwaa. Ameshampata mmoja, Trevor Clough, yule aliyekuwa anakata nyama kwenye bucha la Leeds Road, hapahapa Bradford. Sasa haitwi Trevor. Anaitwa Duke Falcon. Falcon ni kozi, yule ndege anayewashukia njiwa. Nywele zimepakwa mafuta na kupandishwa juu kama ngazi.

"Kozi lazima awe na makucha," kasema Bwana Pennington. "Nataka watu wa kusimama nyuma yake. Mpige vizuri, msipendeze kuliko yeye, msiongee. Mnaweza?"

"Tunaweza!" nikasema kabla hajamaliza.

Duke, aliyekuwa amekuja naye, akazunguka jukwaa akitutazama kama nyama ya juzi. Akasimama mbele ya Wilf. "Na huyu bibi kizee wa miwani, yeye anauza chai?"

Barry akacheka mpaka akaangusha fimbo za ngoma.

Bwana Pennington akaligonga sanduku kwa ncha ya kiatu, polepole. "Hiki nisikione tena maishani mwangu."

Wilf akasema, "Sawa, bwana. Nitatengeneza kingine."

Tukatoka tumekuwa Makucha. Makucha ya Duke Falcon! Sina hata usingizi.

Jumatatu, 20 Oktoba

Msimamizi kanipiga kofi la kisogo kwa kuwa nilikuwa napiga gitaa hewani mbele ya mashine. Wacha apige. Hanijui tena.

Jumapili, 26 Oktoba

Mazoezi na Duke. Anaimba puani na anasahau maneno, lakini akitikisa bega lile la kushoto hata mimi naangalia. Kamwita Wilf "bibi" mara ishirini na tatu. Nilihesabu.

Wilf hakuja na sanduku. Kaja na karatasi ya michoro. Yeye ni mwanagenzi kwa Mzee Metcalfe, seremala, mwaka wa tatu. Anataka kujichongea besi ya umeme, kipande kimoja cha mbao, nyaya za piano, na kile kidude cha sauti kutoka kwenye mkono wa simu. "Simu gani?" nikamuuliza. Akawa mwekundu mpaka masikioni. Wilf, aliyewahi kurudi dukani kwa kuwa alizidishiwa biskuti, kaenda kung'oa simu ya barabarani! Ningempenda zaidi kwa hilo, ila alivyosimulia kwa dakika arobaini nilitamani kumziba mdomo kwa soksi. Mbona zamani sikuona kwamba anapumua kwa sauti?

Jumatano, 5 Novemba

Usiku wa mioto. Mtaa mzima ulileta takataka zake, viti vilivyovunjika, magodoro, milango. Moto ukapanda juu kuliko paa. Viazi vikachomwa kwenye majivu, keki ya tangawizi ikapita mkono kwa mkono, watoto wakarusha fataki.

Juu ya moto lazima akae mtu wa matambara, yule mhaini wa zamani aliyetaka kulipua Bunge, ndivyo ilivyo kila mwaka. Barry ndiye aliyemshona. Kabla ya saa kumi na mbili kanijia mlangoni: "Alec, wewe Mama Illingworth anakuamini. Nenda ghalani, lete lile sanduku."

"La nini?"

"We lete tu, acha maswali ya kipolisi."

Nilijua la nini. Niandike ukweli hapa kwa sababu hakuna anayesoma. Nilijua, nikaenda, Mama Illingworth akaniambia niangalie ngazi zinateleza, nikatoka nalo begani.

Moto ulipowashwa, watu wakaona. Yule mtu wa matambara alikuwa amekaa juu ya sanduku la chai, kavaa miwani ya waya, kapewa tumbo la majani, na mkono mmoja umefungwa kwenye fimbo. Mtaa wote ulimjua. Wakacheka wanawake, wakacheka wazee. Duke alikuja makusudi kutoka kwao, akapiga makofi: "Bibi, unaungua! Piga basi mara ya mwisho!"

Wilf alikuwa kando yangu, kiazi mkononi. Akacheka na yeye. Alicheka kwa muda mrefu kuliko wote, wengine walipoacha yeye akawa bado anaendelea peke yake, na miwani yake imejaa moto huwezi kuona macho. Sanduku likapasuka, paa! Akakitazama kiazi chake. Akanipa mimi.

"Kula, Alec. Kimeiva."

Nikala.

Alhamisi, 6 Novemba

Mvua. Mtaa unanuka majivu yaliyolowa.

Jumapili, 16 Novemba

Wilf kaileta besi.

Ni mbaya kwa sura. Imetoka kwenye ubao wa kichwani wa kitanda cha baba yake, marehemu, Mama Illingworth mwenyewe karuhusu ukatwe. Kidude cha simu kimeshikiliwa kwa gundi na skrubu mbili. Wilf akachomeka, akavuta waya mnene, na makaa yaliyo sakafuni yakaanza kutetemeka. Yakabingirika! Barry akaacha mdomo wazi. Mimi nilihisi sauti ile tumboni, kwenye meno. Halafu tukaanza kupiga pamoja, na kwa mara ya kwanza, NASEMA MARA YA KWANZA, tukawa kama santuri. Tukawa kikundi. Gitaa langu lilikuwa na mahali pa kukanyaga.

Wilf hakuwa anahesabu kwa mdomo. Alikuwa anatabasamu kama mtoto aliyelewa.

Hata Duke kasema, "Kha. Bibi ana nguvu."

Jumamosi, 22 Novemba

Onyesho la kwanza, Keighley. Wasichana walipiga kelele! Mmoja alirusha kiatu. Kilinipiga mimi, sitakirudisha.

Jumanne, 25 Novemba

Bwana Pennington kaniita mimi na Barry kwenye duka la chai karibu na stesheni. Kaagiza keki tatu, hajala yake.

"Vijana wangu, mambo ni mazuri. Januari tunaanza ziara. Wiki kumi, Sunderland mpaka Plymouth, basi letu wenyewe. Lakini kabla ya hapo nina wiki moja ya majaribio Middlesbrough, kuanzia tarehe nane Desemba. Wenye kumbi wote watakuja kuangalia. Tukishinda Middlesbrough, ziara ni yetu. Tukishindwa, kuna kikundi cha Leeds kinasubiri kwa hamu."

Barry akasema, "Tutashinda, bwana."

"Kuna jambo la rafiki yenu mnene." Akafuta vidole. "Sauti nzuri. Sura, hapana. Wasichana wanaangalia jukwaa zima, si mwimbaji peke yake. Nimeshampata mtu London, Lionel, ana besi ya dukani, ana mashavu mazuri, jeshini kashamaliza. Ila yuko kwingine mpaka mwaka mpya. Kwa hiyo rafiki yenu apige Middlesbrough, halafu basi. Asijue kwa sasa. Akijua atapiga kwa huzuni, na huzuni inasikika."

"Nani atamwambia?" nikauliza.

"Wewe. Si ndiye aliyekufundisha?"

Barry akaila ile keki ya tatu.

Jumatano, 26 Novemba

Sijamwambia. Bado mapema.

Jumapili, 30 Novemba

Nimekaa kitandani na buti miguuni. Lazima niyaandike sawasawa, neno kwa neno, kisha nisiyafikirie.

Baada ya mazoezi Wilf alinishika mkono. "Baki kidogo." Barry akatutazama, akapanda ngazi akipiga mluzi.

"Mzee Metcalfe kakataa," kasema Wilf. "Siwezi kupata ruhusa ya wiki ile. Kuna ngazi za shule zinasubiri. Kasema nikiondoka bila ruhusa, nisirudi. Karatasi ya uanagenzi anaichana."

"Si useremala tu?"

"Wewe huelewi, wewe ulizaliwa Desemba." Hakulisema kwa hasira. Sisi tuliozaliwa baada ya Septemba ya mwaka thelathini na tisa hatuitwi jeshini tena, wao wa kabla bado wanaitwa. Wilf ni wa mwezi wa tatu, mwaka uleule. Kinachomzuia asiitwe ni ule uanagenzi tu, wamemwahirishia mpaka amalize. "Ile karatasi ikichanwa, napewa gwanda. Miaka miwili, Alec. Mama peke yake na ngazi hizi."

Nikaanza kukunja waya wa gitaa langu, yeye akaendelea.

"Kwa hiyo nataka uniambie kweli. Nikiwa nimo kwenye ziara, ni kazi, nitampelekea Mama, na wakiniita wataniita baadaye, nitakuwa nimeshaonja. Naweza kuvumilia jeshi nikijua Makucha wananisubiri. Lakini kama simo, nabaki kwa Metcalfe, na wala sitakasirika. Nitatengeneza besi yenu ikiharibika. Pennington kasema lolote juu yangu?"

Hapo ndipo ningeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Lakini Wilf akibaki kwa Metcalfe, hakuna besi. Bila besi hakuna Middlesbrough. Bila Middlesbrough mimi narudi kwenye sufu mpaka nife, na msimamizi ananipiga kofi la kisogo nikiwa na mvi.

"Kasema wewe ndiye uti wa mgongo," nikamwambia.

"Kasema hivyo? Kwa mdomo wake?"

"Kasema bila Wilf hakuna Makucha. Muulize Barry."

Akavua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. "Basi naacha. Kesho namwambia Metcalfe. We unaonaje?"

"Acha," nikasema. "Ungekuwa mjinga usipoacha."

Akanikumbatia. Ana harufu ya vumbi la mbao. Mama Illingworth akaita kutoka juu kama tunataka chai.

Jumatatu, 1 Desemba

Kaacha.

Jumamosi, 13 Desemba, Middlesbrough

Wiki ya maonyesho mawili kila jioni. Tumeshinda! Wenye kumbi walikuwa mstari wa tatu, wakivuta sigara zao, na kwenye wimbo wa mwisho mmoja alikuwa anapiga mguu chini. Wilf alipiga kama ukuta. Bwana Pennington alimfanya asimame nyuma ya pazia la pembeni, eti huko sauti inatoka vizuri zaidi. Wilf akaamini. Alipiga wiki nzima akiwa anaangalia migongo yetu kupitia tundu la pazia.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Duke alimpa koti lake apige pasi. Barry akampa na lake. Wilf akanitazama. "Na lako?" Nikampa.

Alhamisi, 18 Desemba

Bwana Pennington kauliza kwa simu kama nimeshamwambia. Nikasema ndiyo.

Alhamisi, 25 Desemba

Mama Illingworth alinifumia skafu. Nyekundu. Imeandikwa herufi ya kwanza ya jina langu.

Jumapili, 28 Desemba

Lionel kafika. Mashavu ni mazuri kweli. Tulifanya mazoezi kwenye ukumbi wa kukodi, Wilf tumemwambia kwamba Duke anaumwa koo na hakuna mazoezi. Lionel anapiga sawasawa na hakosei, makaa hayabingiriki. Barry kaniuliza, "Utamwambia lini, muungwana?" Nikamwambia amwambie yeye. "Mimi?" kasema. "Mimi nilishamchoma moto. Zamu yako."

Ijumaa, 2 Januari 1959

Leo kwa hakika. Nilifika mpaka mlangoni kwao. Kupitia dirishani nilimwona anafunga besi kwenye blanketi, na mama yake anaifunga kamba juu yake. Nikarudi nyumbani.

Jumamosi, 3 Januari

Basi lilikuwa mbele ya stesheni saa tatu asubuhi, theluji nyembamba, limeandikwa jina la Duke ubavuni kwa herufi kubwa. Viti vyote vina watu. Lionel alikuwa amekaa karibu nami, dirishani.

Akaja. Sanduku la nguo mkono mmoja, besi begani, suti aliyoshonewa kwa ajili ya ziara. Mama Illingworth nyuma yake na kifurushi cha mikate. Wilf akapanda ngazi ya kwanza ya basi, akaanza kuhesabu viti kwa macho. Nilimwona anahesabu. Mdomo ulikuwa unakwenda.

Akamwona Lionel. Akaiona besi ya Lionel juu ya rafu, inang'aa.

"Samahani," akamwambia Lionel, kwa adabu kabisa. "Nadhani umekaa pangu."

Halafu Duke kutoka nyuma, kwa sauti ya kike ya kutetemeka: "Ninauza chaai! Nani anataka chaai?" Basi zima likalipuka. Walicheka mpaka wapiga tarumbeta wa bendi nyingine ya ziara, ambao hata hawamjui.

Wilf hakuwatazama. Alinitazama mimi. "Alec?"

Bwana Pennington, aliyekuwa kiti cha mbele, akageuka kwangu. "Uliniambia umeshamwambia."

"Nilimwambia," nikasema.

Ndivyo nilivyosema. Sauti haikutetemeka hata kidogo. "Nilimwambia kabla ya Krismasi. Hataki kusikia tu."

Nikaona uso wa Wilf ukiniamini kwa nukta moja, kama vile anajiuliza labda ni kweli, labda alisahau yeye. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Kisha ukajifunga, naye akashuka na besi yake, sanduku la nguo akaliacha ngazini.

Dereva kauliza, "Mzigo huu ngazini ni wa nani?"

"Si wetu," kasema Barry.

Dereva akaliweka sanduku la nguo juu ya theluji na kufunga mlango. Mama Illingworth alikuwa bado ananyoosha kile kifurushi, anazunguka basi upande hadi upande, anagonga vioo, anatafuta dirisha langu ampe mikate. Nilikuwa nimeinama nafunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba.

Jumatatu, 5 Januari, Sunderland

Kelele za wasichana! Sisikii hata gitaa langu mwenyewe. Sijawahi kuwa na furaha kama hii, naapa.

Ijumaa, 9 Januari

Bwana Pennington kasema Makucha nao wapate majina. Barry sasa ni Brett Cannon. Mimi nikasema langu, Alec Murgatroyd, akafumba macho: "Jina refu kama treni ya makaa. Wewe ni Rod Lancer." Nimelifanyia mazoezi ukurasa mzima nyuma ya daftari hili. Mkia wa herufi ya mwisho unarudi chini ya jina lote, kama mjeledi.

Jumanne, 13 Januari

Barua ya Mama. Wilf kapata karatasi ya kuitwa jeshini, tarehe tano mwezi wa pili anaingia kambini. Mzee Metcalfe yuko tayari kumrudisha, kalia na yeye mzee wa watu, lakini ofisi ya kazi inataka uthibitisho kwamba Wilf hakuacha kwa uzembe wake, kwamba aliahidiwa kazi na akadanganywa. Mtu mmoja wa kikundi akiandika na kutia sahihi, inatosha. Mama anasema, "Wewe utaandika, sivyo?"

Nilimwonyesha Barry. Barry, nyoka yule, akamwonyesha Bwana Pennington. Tukaitwa wote.

"Mkono wowote utakaotia sahihi karatasi ya namna hiyo," kasema Bwana Pennington, akipuliza chai yake, "gitaa lake litarudi Bradford kwa posta, na mwenyewe kwa miguu. Kuna mtu hajanisikia?"

Wote tulisikia.

Jumamosi, 17 Januari, Halifax

Baada ya onyesho la kwanza wasichana wanajipanga mlango wa nyuma na vidaftari vyao, sisi tunasaini. Duke mwanzoni, halafu Barry, halafu Lionel, halafu mimi. Taa iko juu ya mlango. Bwana Pennington anasimama pembeni na saa mkononi.

Nilikuwa nasaini haraka, siangalii nyuso. Daftari, daftari, picha, mkono wa msichana mmoja, daftari. Kisha karatasi kubwa, imepigwa chapa. Nikatazama juu.

Mama Illingworth. Kofia yake ya kanisani. Alikuwa amejipanga foleni na wasichana, saa nzima kwenye baridi.

"Nimemwomba Barry," kasema, "kasema hajui kusoma." Wasichana wakacheka. "Wilf hajui nimekuja. Ni mistari mitatu tu, mwanangu. Kwamba mlimwambia yumo. Si ni kweli? Wewe ulikuwepo."

Nilisoma. Mistari mitatu. Kila neno kweli.

Bwana Pennington aliacha kuangalia saa. Duke naye akageuka, anatabasamu, anasubiri. Nyuma ya Mama Illingworth msichana kasema, "Bibi, fanya haraka, tunaganda!" Ningeweza kumwambia hapana. Ningeweza kuandika Alec Murgatroyd, herufi zote, treni nzima ya makaa, nikaenda kwa miguu mpaka Bradford, ni mwendo wa saa tatu.

Nikachukua kalamu. Nikaandika Rod Lancer.

Nataka kusema mkono ulikuwa umezoea. Sivyo. Nilifikiri vizuri kabla, na ule mkia nikauvuta mpaka mwisho.

Hakuitazama. Miwani yake huiweka mkobani ili isivunjike. Aliipulizia karatasi wino ukauke, akaikunja mara nne, akaishika mikono miwili. "Nilimwambia Wilf," kasema. "Nilimwambia, Alec ni mtoto wa nyumba hii." Akanibusu shavuni mbele ya wote. Midomo yake ilikuwa baridi kama chuma.

Alipoondoka Bwana Pennington akaja kuuliza nimesaini nini. Nikamwambia. Akanipiga begani, na kwa mara ya kwanza akaniita Rod.

Alhamisi, 5 Februari, Hull

Mama kaandika. Wilf kaondoka leo na treni ya asubuhi. Ofisi ya kazi ilijibu kwamba mtu aliyesaini hayumo kwenye orodha yoyote ya Bradford. Mama Illingworth anazunguka mtaa mzima akiwaambia watu makarani hawajui kazi yao, kwa sababu Alec alisaini mbele ya macho yake mwenyewe, na anayesema vinginevyo aje amwambie yeye.

Maonyesho mawili, saa kumi na mbili na robo na saa mbili na nusu. Tiketi zimeisha.